Kinga ya Nyumba ya Mwalimu Tak

Kila Jumapili jioni, wali ukishaanza kukauka jikoni, Bi. Maeng Okbun aliingia chumba kidogo, akatandika gazeti juu ya meza ya kompyuta na kuiwasha mashine. Gazeti lilikuwa la viatu. Binti yake, Yunmi, aliishi Polandi, ambako mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha mashine za kufulia, na alipokuja kula alipita kwenye skrini kwa kutanguliza miguu. Huko alikotoka kulikuwa na matope karibu mwaka mzima. Kwake ilikuwa bado asubuhi, kwa hiyo alishuka mezani nywele hazijachanwa, akavua viatu, akavifunga ndani ya lile gazeti, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kufunua masufuria na mtungi wa kabichi ya kuchachusha.

"Mama, kimchi hii bado changa."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo mama. Kimchi hii bado changa."

Ndivyo walivyoishi kwa muda mrefu katika fleti namba 701 pale mjini Cheongju, na hakuna jirani aliyeliona hilo kuwa jambo la kusimuliana kwenye lifti. Mama Jaewan wa 702 alikuwa na kijana wake Brazil aliyekuja kwa njia hiyohiyo. Bahati mbaya kompyuta yake ilikuwa ile ndogo ya kukunja, na kijana alikuwa amenenepa, basi wao waliishia kushikana mikono tu na kupitishiana vyakula vikavu.

Tabu ililetwa na mume wa Okbun. Mwalimu Tak Byeongho alikuwa naibu mkuu wa shule mpaka alipostaafu, na tangu astaafu hakuwa tena na watoto wa kuwapanga mstari, jambo lililomwachia muda mwingi kuliko ilivyofaa. Alipenda kucheza baduk, ule mchezo wa ubao na kete nyeusi na nyeupe. Siku moja aliona mtandaoni mahali panapotoa mchezo huo bure, mahali ambapo ukurasa mzima ulikuwa unawakawaka kama duka la simu, akabonyeza. Jumapili iliyofuata Yunmi aliposhuka mezani, nyuma yake alishuka mwanamume mwenye koti la njano aliyekuwa akiuza dawa za kupunguza tumbo.

Walimtoa nje kwa adabu. Akarudi akiwa na mwenzake. Kufika katikati ya wiki nyumba ilikuwa na mama wa mikopo ya haraka aliyeimba bafuni, vijana wawili waliofungua madirisha kila yalipofungwa, na bwana mmoja ambaye hakusema lolote ila alikaa mbele ya televisheni, ikawa taarifa ya habari inaonekana kona moja tu. Wote walikuwa na tabasamu. Ukiwauliza wanataka nini walikuuliza kama una uhakika unataka kuwafunga, na ukisema ndiyo wanauliza tena.

Yunmi wakati huo alikuwa mjamzito, miezi minne, na manukato ya mwenye koti la njano yalimtapisha. Alikula nusu bakuli akasukuma meza.

"Baba, nyumba imeingiwa na virusi. Tafadhali weka kinga. Moja tu, yoyote, ila uiweke kweli."

Mwalimu Tak hakukataa, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda mambo yafanyike inavyopasa. Wiki nzima alikaa mbele ya mashine akilinganisha. Kulikuwa na kinga ya bure na kinga ya kulipia, na kila moja ilikuwa na nyota, na vikombe, na watu wenye furaha wameshika ngao. Okbun alimuuliza Mama Jaewan wao wanatumia ipi. Mama Jaewan akamwambia wao wana yule wa bure, si mtu mbaya, ila anaongea sana. Okbun akapeleka jibu hilo kwa mumewe na kumshauri amchukue huyohuyo, wamalize, kwani wali unapoa. Mwalimu akamtazama juu ya miwani na kumuuliza kama angemkabidhi mjukuu kwa daktari wa bure. Okbun alisema daktari na kompyuta ni vitu viwili. Mwalimu akasema hapo ndipo watu wanapokosea.

Mwishowe, kwa kuwa hakuweza kumwacha yeyote, alichukua wote. Yeye, ambaye kwa miaka mingi aliwaadhibu watoto kwa kujibu swali kabla ya kulisoma, aliteremka kurasa zote kwa kidole kimoja na kubonyeza Nakubali kila alipoiona.

Walinzi wa kinga hizo walifika kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Walipanda kwa lifti, kila mmoja na mkoba wake na mto wake wa kulalia, wakavua viatu mlangoni. Wa bure alikuwa mnene na mchangamfu, na kila baada ya muda mfupi alisimama kuwaarifu kwamba yeye anawalinda kiasi tu, kama wanataka kulindwa kikamilifu kuna kaka yake. Wa kulipia alikuwa na mabega mapana. Alimtazama wa bure kwa dakika moja, akaamua kuwa ndiye mvamizi. Wa bure naye akaamua hivyohivyo. Walikamatana ukumbini, wakagaragazana mpaka usiku, na Okbun akawa anapita na kapu la nguo akiwaruka.

Aliyewaachanisha ni wa benki. Mwalimu alikuwa ametaka tu kuangalia kama pensheni imeingia, na benki ikamwambia hawezi kuona kitu mpaka akubali na mlinzi wao pia. Basi akaja mtu mwembamba, glavu nyeupe, suti ya kijivu, na wasaidizi watatu waliojipanga mmoja bafuni, mmoja nyuma ya friji na mmoja kwenye veranda. Kazi ya wale watatu hakuna aliyewahi kuijua. Yule wa glavu aliwakemea wawili waliokuwa wakigaragazana, wakakaa, na tangu hapo yeye akawa mkuu.

Nyumba ikawa nzito. Ukifungua bomba maji yalifikiria kwanza. Birika la chai liliwashwa wakati wa kifungua kinywa na kuchemka wakati wa chakula cha mchana. Taa ya chooni iliwaka mtu akishamaliza. Mwalimu alisema hiyo ndiyo ishara kwamba wanafanya kazi.

Okbun aliwachunguza walinzi hao kwa siku chache akiwa anakunja nguo, akaona jambo moja. Wote walikaa wameupa mlango mgongo. Viti walivigeuza wenyewe. Hawakuwa wakiangalia nani anakuja, walikuwa wakiwaangalia waliomo ndani. Alimuuliza mkuu wao sababu, akiwa amesimama mbele yake kabisa, lakini mkuu hakujibu. Hakuwa amemjibu hata mara moja tangu afike. Alimpisha tu, akisogeza magoti, kama vile mtu anavyosogea pazia likipeperuka. Mwanzoni Okbun alidhani ni adabu.

Alitegemea angalau wachuuzi wataondolewa. Mkuu alimwita mwenye koti la njano na kumtaka ajieleze. Mwenye koti la njano akatoa mfukoni ridhaa ya Mwalimu Tak Byeongho mwenyewe, ile aliyoitoa siku ya mchezo wa baduk, ikiwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Mkuu aliisoma yote, akamrudishia kwa mikono miwili na kuinama. Mama wa mikopo naye alikuwa nayo. Wote walikuwa nayo. Walichoambiwa ni kuacha kuimba watu wakishalala, na Okbun alikasirika mpaka akavunja kijiko cha mbao bila kukusudia.

Jumapili ilipofika alitandika gazeti kama kawaida. Yunmi alikuja mpaka kwenye kioo cha skrini na kukuta kimefungwa. Mkuu wa walinzi akasogea na kumuuliza jina.

"Tak Yunmi. Ni kwetu hapa."

Akaulizwa namba ya simu ya nchini, iliyoandikishwa kwa jina lake. Yunmi akataja ya Polandi. Mkuu alisubiri kwa upole, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kupiga chafya, kisha akauliza tena. Yunmi hakuwa nayo. Katika hali hiyo, mkuu alisema, namba ya uthibitisho itatumwa kwa mwenye nyumba, na namba hiyo huishi dakika tatu.

Mwenye nyumba alikuwa mlimani Uamsan na wastaafu wenzake, na simu yake ilikuwa ndani ya mkoba pamoja na mayai ya kuchemsha. Yunmi alisimama nyuma ya kioo, mkono mmoja kiunoni, mpaka miguu ikaanza kuvimba. Okbun akamwambia arudi akalale. Mwenye koti la njano ndiye aliyekula sehemu ya Yunmi, akausifu upikaji.

Wiki iliyofuata Mwalimu alibaki nyumbani. Alikubali kwamba hili linahitaji mtu makini. Namba ilikuja, akaanza kutafuta miwani, namba ikafa. Ya pili ilikuja, akaisoma kwa sauti ya darasani, lakini alikosea tarakimu moja. Ya tatu ilikubaliwa. Mkuu akagonga visigino pamoja.

"Karibu nyumbani, Mwalimu Tak Byeongho," alimwambia Yunmi.

Yunmi alikanyaga gazeti, na papo hapo Mwalimu akajikuta nje kwenye korido karibu na lifti, malapa ya ndani miguuni, vijiti vya kulia mkononi. Alibonyeza kengele. Mkuu alimweleza kupitia mlangoni, bila dharau yoyote, kwamba Tak Byeongho ameshaingia, na Tak Byeongho hawezi kuwamo ndani mara mbili. Ingekuwa hatari kwake mwenyewe.

Yunmi alikula vizuri siku ile, mabakuli mawili. Mwalimu alisimama koridoni muda wote huo, na majirani waliopita walimsalimu. Mama Jaewan alimtolea kigoda na tunda la persimoni. Yunmi alipoondoka na yeye kurudishwa ndani, masikio yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa baridi.

"Sitarudia tena," alisema. "Nyumba yangu mwenyewe, nafukuzwa kama mtu aliyekuja kusoma mita."

"Ni muda wa kula tu, Baba Yunmi."

"Hata muda wa kumeza mate."

Okbun aliwaza usiku, akaona njia, na asubuhi akaitoa. Waandikishwe wawili. Yunmi akija aingie kwa jina la mama yake, na yeye Okbun ndiye atakayesimama kwenye lifti, wala haoni aibu. Mwalimu akasema ni wazo zuri. Wakampelekea mkuu wa walinzi, na kwa kuwa ni Mwalimu aliyeuliza, mkuu alijibu: ipo nafasi, kinachotakiwa ni simu iliyoandikishwa kwa jina la mhusika.

Okbun alikuwa na simu. Aliitoa kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa kwa jina la Tak Byeongho, maana zilinunuliwa mbili pamoja kwa punguzo. Umeme ulikuwa kwa jina la Tak Byeongho, na maji, na gari, na kadi ya kufungulia mlango wa chini wa jengo. Hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo. Kila mara ilikuwa rahisi kuandika jina moja. Hata yeye mwenyewe, mtaani na hospitalini na kwenye kikundi cha kutengeneza kimchi, alikuwa Mama Yunmi, na wa mwisho kumwita Okbun alikuwa dada yake, ambaye walimzika masika ya mwaka uliopita.

Alikwenda duka la simu. Binti wa pale alikuwa mpole sana, akamwambia kubadili jina ni kazi ya muda mfupi tu, ila lazima mwenye simu aje.

"Mwenye simu ni mimi."

"Ndiyo, mama. Namaanisha yule mwenyewe."

Mwalimu alisema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo majani yalikuwa yamegeuka rangi kule mlima Songnisan, na wastaafu walikuwa wameshakodi basi. Iliyofuata palikuwa na harusi ya mtoto wa mwalimu mwenzake. Iliyofuata alishtua mgongo. Okbun alimkumbusha wakati wa kupakua chakula, akamkumbusha wakati wa kutandika godoro, mpaka Mwalimu akauliza kwani kuna haraka gani, mtoto si bado hajazaliwa.

Okbun akaomba basi walinzi waondolewe. Hilo Mwalimu hakutaka hata kulisikia. Siku hizi, alisema, watu wanaibiwa hata meno. Mwenye koti la njano, aliyekuwa akisikiliza huku akimenya chungwa, aliunga mkono.

Kila Jumapili Yunmi alikuja kwenye kioo, tumbo likiwa mbele zaidi ya wiki iliyotangulia, wakazungumza hivyohivyo. Okbun alimuuliza wakweze wanampa nini. Supu ya kuku yenye tambi, alisema, ni watu wazuri, wanajitahidi.

"Lakini nikishajifungua, mama, sitaki kitu kingine. Nataka supu yako ya mwani. Nitakuja na mtoto, ninywe nikiwa nimekaa pale kwangu karibu na dirisha. Kimoyoni nimeshakunywa tayari."

"Utakunywa," alisema Okbun.

Alisema hivyo bila kujua itakuwaje. Mama yake alimpikia yeye supu hiyo alipomzaa Yunmi, majuma matatu mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, na bibi yake alimpikia mama yake. Hakuwahi kuona mwanamke wa ukoo wao aliyezaa akanyweshwa kitu kingine kwanza. Alinunua mwani mrefu, usiokunjwa wala kukatwa, kama inavyotakiwa kwa mzazi, akauning'iniza juu ya kabati. Mwalimu akauliza mbona mrefu hivyo.

Mtoto alizaliwa siku ya theluji, msichana. Siku mbili baadaye, mchana, Yunmi akapiga kioo kwa kucha. Okbun alikuwa ameuloweka mwani tangu alfajiri, amekaanga nyama kwa mafuta ya ufuta na kuuacha mchuzi uchemke kadiri walinzi walivyouruhusu. Sufuria ilikuwa tayari. Mwalimu alikuwa amevaa shati lake la sherehe na kuchana nywele kwa maji, ameketi mbele ya skrini kabla ya kila mtu. Alipomwona mtoto, alilia. Machozi yalimtoka kweli, akayaacha yatiririke.

Mkuu wa walinzi aliuliza jina. Yunmi, aliyekuwa ameegemea ukuta wa kwake, akalitaja. Simu ya Mwalimu ikalia, naye alikuwa nayo mkononi, na miwani alikuwa amevaa.

"Soma, Baba Yunmi," alisema Okbun.

"Nikisoma natoka."

"Utatoka kidogo. Anywe, apumzike, akirudi kwake unaingia."

"Mjukuu wangu wa kwanza anaingia nyumbani kwangu, halafu mimi niko kwenye lifti kama mleta tambi?"

"Nitamleta mlangoni umwone."

"Huo mlango watafungua?"

Namba ikafa. Ikaja nyingine. Mwalimu aliitazama. Alikuwa anateseka, mtu yeyote angeona, lakini alikuwa anateseka akiwa amekaa.

"Kwani hatuonani?" alisema. "Tazama, kioo safi kabisa. Mpaka kope zake naziona."

"Mwanao amesimama, ana siku mbili tangu ajifungue."

"Si akae. Yunmi, mwanangu, vuta kiti ukae."

Yunmi alitafuta kiti kwa mkono, hakukipata. Uso wake ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Namba ya tatu ikafa, na ya nne, na Mwalimu hakuwa amesema hapana hata mara moja. Kila mara alisema ngoja kwanza. Okbun alichoka. Haikuwa miguu iliyochoka, alichoka kusubiri mtu mwingine anyanyuke ili mambo yake yeye yaende. Alichoka na maji yanayofikiria, na mwenye koti la njano, na glavu zile nyeupe, na shati lile la sherehe alilolipiga pasi yeye mwenyewe.

Akaenda jikoni, akafunga mfuniko wa sufuria kwa kitambaa, mafundo mawili. Akavaa koti. Akachukua ile nguo yenye pamba ya kubebea mtoto mgongoni, aliyobebewa Yunmi, na mwani uliobaki akaubana chini ya kwapa. Akarudi chumba kidogo na kupanda juu ya kiti. Mkuu wa walinzi akasogeza magoti, kama kawaida, akampisha. Hakumuuliza kitu. Wa bure alipisha, wa kulipia alipisha.

"Pokea sufuria," alimwambia binti yake. "Shika kwa kitambaa, ni ya moto."

"Mama Yunmi, unakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Kumnywesha mwanangu supu."

"Na chakula cha jioni?"

"Kimo ndani ya jiko la wali," alisema Okbun, akakanyaga gazeti, akainama asigonge kichwa, akapita.

Polandi kulikuwa na theluji nyingi na jiko zuri. Okbun alimkalisha Yunmi kitandani, akampa bakuli la kwanza, akamshikilia kichwa mpaka likaisha. Yunmi alilia akinywa, chumvi ikaongezeka. Mtoto aliogeshwa, akafungwa mgongoni, akanyamaza. Baba yake, kijana mwenye masikio makubwa, alirudi kutoka kiwandani, akamkuta mama mkwe jikoni, akavua viatu bila kuambiwa. Supu ilipikwa asubuhi, mchana na jioni, majuma matatu kamili, mpaka mwani ukaisha na Yunmi akapata rangi na kuanza kuulalamikia.

Ndipo Okbun akaona sasa arudi akaangalie nyumba. Jumapili alivaa koti, akabeba sufuria tupu, akagonga kioo.

Mkuu wa walinzi alisogea na kumtazama machoni. "Jina tafadhali?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

"Maeng Okbun."

Mkuu aliangalia. Hakuna, alisema. Akaomba namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina hilo. Okbun akasema anajua hana, atume kwa mwenye nyumba, yupo, anamwona pale mezani.

Mwalimu Tak alikuja mbio. Alikuwa amekonda, shati lake lilikuwa na mikunjo, na alifurahi kumwona mpaka akagusa kioo kwa kiganja. Alimwambia kuhusu birika, kuhusu mgongo, na kwamba hajui sabuni ya nguo iko wapi. Simu yake ikalia. Akaitazama namba. Kisha akatazama upande wa mlango.

"Nje kuna baridi kali wiki hii," alisema. "Korido hawajaiwashia joto. Na mtu wa umri wangu, na mgongo huu."

"Baba Yunmi."

"Sijakataa. Hebu tulifanye ipasavyo mara moja, liishe. Kesho naenda duka la simu, wakuandikishe kwa jina lako, uingie kama mtu."

Na kweli alikwenda, lazima ukweli usemwe. Jumapili iliyofuata alileta majibu akiwa amekasirika kwa niaba yake. Wamesema lazima mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Aliwaeleza kwamba mwenyewe hawezi kufika kwa sababu hajaandikishwa, wakasema wanaelewa, pole sana mzee. "Hawa watu hawana akili kabisa," alisema, na Okbun akaona kwamba anamhurumia kwa dhati. Kitambulisho cha Okbun na pasi yake ya kusafiria vilikuwa kwenye droo ya meza ileile aliyoegemea Mwalimu. Mwalimu aliwahi kujaribu kuvitoa apeleke posta, lakini mkuu alimkataza kwa heshima. Vilikuwa mali ya mtu asiyejulikana, na mali ya mtu asiyejulikana haiguswi.

Yunmi alimwambia akae tu, chumba kipo, mtoto ameshamzoea. Okbun akajibu kwamba kukaa si shida, anaweza kukaa popote, na kwamba hicho ndicho kinachomuudhi.

Hivyo ikawa, kila Jumapili asubuhi ya Polandi, Okbun anasimama mbele ya skrini, mjukuu mgongoni, na ndani anaiona meza yake, kabati lake, pazia aliloshona. Mwenye koti la njano alikuwa amehamia kiti chake, kwa vile kilikuwa karibu na sufuria. Anagonga, anaulizwa jina, analitaja lote, namba inatumwa, Mwalimu anaishika simu na kuitazama kwa uchungu mpaka dakika tatu zinakwisha. Kisha wanazungumza kidogo kuhusu hali ya hewa.

Jumapili moja Mwalimu alionekana hana raha. Alikuwa amepakua wali, akabaki ameshika mwiko, anaitazama meza kama mtu aliyesahau neno. Akamwita mkuu wa walinzi.

"Samahani. Hebu niangalizie. Humu ndani hakuna mtu aliyepungua?"

Mkuu alikwenda bafuni, akaenda nyuma ya friji, akatoka verandani. Akarudi na kugonga visigino.

"Wakazi wote wapo, Mwalimu."

Mwalimu Tak alishusha pumzi. Maisha yake yote alikuwa ameita majina darasani, na hakuna kilichomtuliza kama hesabu iliyotimia. Akageukia kioo, akamwambia mkewe ili naye asiwe na wasiwasi.

"Umesikia, Mama Yunmi? Wote wapo."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kula.